Barua ya wazi: Shahada ya ualimu ina bei gani kwa mtoto wa Lamu na Malindi?

Kwa Waziri wa Elimu. Kwa Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Kwa vyuo vikuu vinavyofundisha ualimu. Na kwa magavana na wabunge wa Lamu na Kilifi.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, tunawaandikia kuhusu hesabu. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka, nyumba nyingi za Amu, Faza, Mpeketoni, Malindi, Gongoni na Marafa huwa na mazungumzo yale yale: mtoto amepata C+, sasa akasome nini? Jibu mara nyingi huwa ualimu. Ni kazi ya heshima, ada yake ni nafuu kuliko ya udaktari au uhandisi, na kila mtaa una mwalimu aliyesomesha ndugu zake kwa mshahara wa serikali. Familia haipewi bei kamili. Barua ya kujiunga na chuo hutaja ada ya mwaka wa kwanza, basi. Haitaji deni la miaka minne, haitaji gharama za mazoezi ya kufundisha, wala hakuna anayemwambia mtoto kwamba masomo mawili anayoyachagua leo yana foleni ya urefu gani TSC.

Tunasema hivi: kwa mtoto wa nyumba ya kipato kidogo, ada siyo sehemu ghali zaidi ya shahada ya ualimu. Sehemu ghali zaidi ni miaka ya kungoja kazi huku deni likikua. Gharama hiyo haikuandikwa popote, na ninyi mnaosoma barua hii ndio mnaoweza kuipunguza.

Tuanze na mkopo, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 (Mahakama Kuu iliuharamisha Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo mwaka 2025) unagawa familia katika makundi matano. Kundi la kwanza, la kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, hulipa asilimia 5 ya gharama ya kozi. Kundi la tano, la zaidi ya shilingi 120,000, hulipa asilimia 40. Familia nyingi tunazozijua, za wavuvi, za wapagazi wa punda, za wahudumu wa hoteli na madereva wa bodaboda, ni za kundi la pili, ambalo kipato chake hakivuki shilingi 23,670. Hapo serikali hutoa ufadhili wa asilimia 60, mkopo ni asilimia 30, na mzazi hulipa asilimia 10.

Tuseme kozi ya ualimu imewekewa gharama ya shilingi 180,000 kwa mwaka. Kiasi hiki ni cha mfano tu, na kila chuo kina chake. Ufadhili utakuwa 108,000, mkopo wa ada 54,000, mzazi 18,000. Mzazi akiona 18,000 hushukuru, auze mbuzi wawili, alipe. Lakini kuna mkopo wa pili, ule wa kujikimu, ambao kwa kundi hili ni shilingi 55,000 kwa mwaka. Wengi huuona kama msaada, hata wakauita posho. Ni deni kama lile jingine, tena ni kubwa kuliko la ada. Jumlisha: 54,000 na 55,000 ni 109,000 kwa mwaka, mara nne ni 436,000. Mzazi aliyelipa jumla ya 72,000 kwa miaka minne amemwachia mtoto wake deni linalozidi mara sita ya hizo alizotoa yeye. Hatusemi mkopo ni mbaya. Bila huo mkopo mtoto wa Kizingitini haendi chuo. Tunasema aambiwe 436,000 siku ya kutia sahihi, kwa maandishi, asije akaigundua anapofungua akaunti yake baada ya mahafali.

Kuna kosa moja la ujazaji fomu ambalo huku pwani hutokea sana, na linatokana na fomu yenyewe kuandikwa kwa ajili ya watu wenye mshahara wa mwezi. Mvuvi hana mshahara wa mwezi. Ana kaskazi na ana kusi, misimu miwili ya pepo. Tuchukue mvuvi anayepata 30,000 kwa mwezi katika miezi sita ya kaskazi, na 8,000 kwa mwezi bahari inapochafuka wakati wa kusi. Kwa mwaka ni 180,000 na 48,000, jumla 228,000, yaani wastani wa 19,000 kwa mwezi. Hilo ni kundi la pili. Lakini mtoto akijaza fomu kaskazi ingali ikivuma na samaki wako, anamuuliza baba yake unapata ngapi, baba anajibu elfu thelathini. Kipato hicho peke yake kinaweza kumsogeza mpaka kundi la tatu, ambako mzazi hulipa asilimia 20. Badala ya 18,000 atalipa 36,000, na kwa miaka minne amelipa 72,000 zaidi kwa swali moja lililoulizwa katika msimu usiofaa. Malindi ni vivyo hivyo kwa wafanyakazi wa hoteli: Desemba mpaka Pasaka kuna bakshishi, Mei na Juni hoteli nyingine hufunga milango na wafanyakazi hurudishwa nyumbani bila malipo. HELB, andikeni swali hili upya. Ulizeni kipato cha mwaka mzima, kwa misimu, kisha mfumo wenu ugawe kwa 12. Na wakati swali halijaandikwa upya, walimu wa ushauri shuleni wawafundishe watoto kufanya hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kugusa simu.

Kosa jingine la fomu ni la karo ya sekondari. Mtoto wa Siyu aliyelipiwa na mfadhili katika shule ya kitaifa huandika karo ya shule hiyo bila kueleza nani alilipa, na mfumo humwona kama mtoto wa tajiri. Barua ya mfadhili na ya chifu ziambatishwe tangu mwanzo. Rufaa ya kubadilishiwa kundi ipo, lakini huchukua muda, na chuo hakingoji.

Mwaka wa tatu huja mazoezi ya kufundisha, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita TP. Ni muhula mzima wa shule, kiasi cha miezi mitatu, na hayana malipo. Mwanafunzi huandaa azimio la kazi la muhula, andalio la kila somo, nukuu za somo na vifaa vya kufundishia, na wakaguzi wa chuo huja kumtazama darasani. Makadirio yetu ya chini kwa anayefanyia nje ya kwao ni haya: chumba cha 3,000 kwa miezi mitatu, 9,000, chakula cha 200 kwa siku kwa siku 90, 18,000, kuchapa maandalio, karatasi za manila na kalamu za rangi, 3,000, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na ya shughuli za hapa na pale, 6,000. Jumla 36,000, nayo ni karibu theluthi mbili ya mkopo wa kujikimu wa mwaka mzima.

Kwa visiwa vya Lamu mambo huzidi. Mashua ya kutoka Amu kwenda Pate hupita mlango wa Mkanda, na maji yakipwa Mkanda haupitiki kwa urahisi, kwa hiyo safari hufuata maji, haifuati ratiba ya chuo. Mkaguzi akifika Amu saa nne asubuhi na maji yanajaa saa kumi, basi somo la saa tano Faza hatalikuta. Na hata akishuka Mtangawanda bado kuna pikipiki ya kumfikisha shuleni. Ndiyo maana wanafunzi wengi huambiwa watafute shule ya bara, karibu na barabara, na ndiyo maana shule za Kizingitini, Mbwajumwali na Kiunga, zenye upungufu mkubwa wa walimu, hazipati hata msaada wa muhula mmoja wa mwanafunzi wa mazoezi. Vyuo vingekubali ukaguzi wa siku mbili mfululizo kwa kila kituo cha kisiwani, ukipangwa kwa jedwali la maji la mwezi huo, tatizo hili lingepungua sana. Jedwali la maji lipo, kila nahodha analijua.

Sasa tuje kwenye usajili, maana kuna shimo ambalo mwanafunzi hulitumbukia mwaka wa kwanza na halioni mpaka miaka minne ipite. TSC humtaka mwalimu wa sekondari mwenye shahada awe na wastani wa C+ katika KCSE, na pia C+ katika kila moja ya masomo yake mawili ya kufundisha. Mtoto mwenye wastani wa C+ anaweza kuwa na B ya Kiswahili na C ya Historia. Chuo kikimpokea kusoma Kiswahili na Historia, atasoma, atafanya TP, atahitimu, atavaa joho, kisha TSC imkatalie usajili kwa sababu ya ile C. Hapo hakuna rufaa itakayoibadilisha C kuwa C+. Tume pia hutazama nakala ya alama za chuo kuona kwamba amesoma vitengo (units) visivyopungua vinane katika kila somo la kufundisha. Anayebadilisha somo mwaka wa pili, au chuo kinapokosa mhadhiri wa kitengo fulani na kukiacha, hujikuta na saba.

Ukaguzi wa jambo hili ni kazi ya dakika tano kwa kila mwanafunzi. Chuo kina hati ya KCSE mkononi siku ya kuripoti. Tunataka kila chuo kitie sahihi karatasi ya ukurasa mmoja kabla muhula wa kwanza haujaisha: masomo mawili ni haya, alama zake ni hizi, zinakidhi au hazikidhi masharti ya TSC. Zisipokidhi, mwanafunzi ahamishwe kozi mapema, kabla hajakopa ya mwaka wa pili. Hatuoni sababu yoyote ya kutofanya hivi, na chuo kinachokataa kinapaswa kueleza kwa nini kinachukua ada ya mtoto kwa kozi isiyoweza kumpa kazi.

Vinavyohitajika kwa usajili wenyewe si vigumu, ila vina gharama ndogondogo na safari: vyeti vya KCPE (mtihani wa shule ya msingi) na KCSE, shahada na nakala ya alama, kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), picha ya pasipoti, fomu ya afya ya GP 69 iliyojazwa na daktari aliyesajiliwa, cheti cha maadili mema ambacho ni 1,050 kwenye eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), na ada ya tume. Cheti cha maadili mema kinahitaji alama za vidole, na kwa mtu wa Kiunga hiyo ni safari ya chombo mpaka Amu na kulala. Anayehitimu akamilishe haya mara tu apatapo shahada, asingoje tangazo la ajira, kwa sababu dirisha la maombi ni fupi na bila nambari ya TSC hata fomu haifunguki.

Waheshimiwa, tufike kwenye kungoja. TSC ina walimu zaidi ya laki tatu waliosajiliwa ambao haijawaajiri. Hawakupangwa sawasawa kwa masomo. Mwenye Hisabati na Fizikia haingoji sawa na mwenye Historia na Dini, na kila mwalimu mkuu wa Malindi anajua ni somo gani huliandalia ratiba bila mwalimu. Sekondari pevu, ambayo Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, ina mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na Wizara imesema inataka asilimia 60 ya wanafunzi katika ule wa kwanza. Hilo litasukuma mahitaji ya walimu upande mmoja. Lakini mtoto wa kidato cha nne wa leo anachagua kozi kwa kufuata alichopendezwa nacho shuleni, na katika shule isiyo na maabara wala mwalimu wa Fizikia, hawezi kupendezwa na Fizikia. Kwa hiyo shule zetu zinaendelea kutoa walimu wa masomo yaliyojaa. Si kosa la watoto.

Katika kungoja huko, mhitimu ana njia mbili za kujishikiza. Ya kwanza ni kuajiriwa na bodi ya shule, yaani mwalimu wa BOM. Malipo hutoka kwa wazazi na kwenye fedha za shule, katika shule nyingi ni elfu kumi hivi kwa mwezi, na husimama shule zikifungwa. Fedha za serikali za 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari zikichelewa au zikija pungufu, wa kwanza kukosa ni mwalimu wa BOM. Njia ya pili ni unagenzi wa TSC katika Sekondari Msingi (Gredi ya 7 hadi 9) kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ondoa SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75, yaani 550, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, yaani 300, na NSSF (akiba ya uzeeni) ya asilimia 6, yaani 1,200: zinabaki 17,950. Ni zile zile kwa aliyepangwa Nairobi na kwa aliyepangwa Mangai, msituni Boni, katika wadi ya Basuba ambayo shule zake zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama. Mwanagenzi hapati posho ya mazingira magumu. Mwalimu wa kudumu katika shule hiyo hiyo, akifundisha watoto hao hao, anaipata. Mahakama ya Ajira ilisema Aprili 2024 kwamba kuwatumia walimu waliohitimu na kusajiliwa kama wanagenzi ni kinyume cha haki za kazi. Maelfu waliajiriwa kwa kudumu Januari 2025, na wanagenzi wapya wakaletwa.

Sasa hesabu ya deni wakati wa kungoja. Mkopo wa HELB huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na kwa deni la 436,000 hiyo ni 17,440. Riba hii ni ndogo, hakuna benki itakayokupa mkopo kwa riba hiyo, na tunaishukuru. Kinachoua ni faini ya 5,000 kwa kila mwezi usiolipwa. Mhitimu aliyekaa miaka mitatu bila kazi baada ya ule mwaka wa nafuu atakuwa na faini ya 180,000 na riba ya 52,320. Hiyo ni 232,320 juu ya deni, mara tatu na zaidi ya ada yote aliyolipa mzazi wake kwa miaka minne. Deni limekuwa 668,320 na hajashika chaki kama mwajiriwa hata siku moja. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2022 kwamba riba na faini haziwezi kuzidi deni lenyewe, na hilo ni afueni, lakini kikomo cha 436,000 ya nyongeza bado ni kikomo cha mbali sana. Nao msamaha wa faini unaotolewa kwa nyakati maalumu humfaa mwenye uwezo wa kulipa deni lote kwa mkupuo. Asiye na kazi hana mkupuo.

Kisha ajira inakuja. Mwenye shahada huanzia daraja la C2. Katika mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021 mshahara wa msingi wa C2 ulianzia 34,955, na umepanda tangu hapo. Juu yake kuna posho ya nyumba, ya usafiri, na ya mazingira magumu kwa wanaostahili, kama walio kaunti ya Lamu. Posho ya nyumba hupangwa kwa makundi ya miji, na Malindi iko kundi moja na Kisumu, Nakuru na Eldoret, ilhali shule ya visiwani huhesabiwa kundi la chini kabisa. Kwa hiyo anayehamia Malindi kutoka Lamu asifurahie posho ya nyumba kabla ya kutoa ile ya mazingira anayoiacha.

Tuchukue mfano mwepesi: msingi 35,000, posho zote 15,000, jumla 50,000. SHIF ni 1,375. Ushuru wa nyumba 750. Pensheni ya asilimia 7.5 ya msingi ni 2,625. Hizo tatu hutolewa kabla ya kodi, inabaki 45,250 ya kutozwa. Kodi: 24,000 ya kwanza kwa asilimia 10, 8,333 inayofuata kwa asilimia 25, iliyobaki kwa asilimia 30, ukitoa nafuu ya 2,400, inakuja 5,958. Mkononi ni 39,292. Deni la 436,000 likigawanywa kwa miaka 10 pamoja na riba yake ni kiasi cha 4,414 kwa mwezi, na mwalimu anabaki na 34,878. Deni la 668,320 kwa muda huo huo ni kiasi cha 6,766. Tofauti ni 2,352 kila mwezi kwa miaka 10, na katika nyumba ya mwalimu mpya wa Malindi hiyo ni unga na sukari ya mwezi. (Na walimu wapya tunawasihi: Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi inayobaki ni ulinzi wa mwisho kabisa. Wakala wa benki anayengoja getini siku ya mshahara wa kwanza huichukulia kama lengo la kufikia.)

Je, inalipa? Kijana ambaye angepata 12,000 kwa mwezi hotelini amekosa 576,000 kwa miaka minne ya chuo. Hata hivyo, akiajiriwa ndani ya mwaka mmoja, shahada ya ualimu hurudisha gharama yake, na mshahara usiokatika msimu wa mvua una thamani kubwa katika mji unaotegemea watalii. Akingoja miaka mitano kwa malipo ya BOM, hesabu hubadilika kabisa. Shahada ni ile ile, chuo ni kile kile. Kilichobadilika ni masomo mawili aliyoyachagua akiwa na umri wa miaka 18 bila kuonyeshwa takwimu.

Tunayoyataka ni haya. TSC, nyinyi mnajua masomo mawili ya kila mwalimu mliyemsajili na kaunti aliyotoka. Toeni jedwali kila mwaka kabla KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo, haijafungua tovuti ya kuchagua kozi: kwa kila jozi ya masomo, wangapi wanangoja, wangapi waliajiriwa mwaka uliopita, na wengi wao walihitimu mwaka gani. Jedwali hilo libandikwe katika kila shule ya sekondari ya Lamu na Kilifi. Mwanagenzi aliyepangwa visiwani au msituni apewe posho ya mazingira na nauli ya chombo, na unagenzi usizidi mwaka mmoja.

HELB, faini isianze kuhesabiwa mpaka mhitimu aonekane na kipato kwenye mfumo wa KRA. Mfumo huo upo na mnautumia kuwatafuta wadaiwa. Utumieni pia kuwatambua wasio na kitu. Na kwa mwenye kipato cha 20,000, makato yawe madogo kuliko yale ya mwalimu wa kudumu.

Magavana, Jedwali la Nne la Katiba linawapa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na mzozo wa mwaka 2025 kuhusu basari za kaunti mnaujua vizuri. Wabunge, Mahakama Kuu ilisema Septemba 2024 kwamba NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, haipatani na Katiba na ikaipa mpaka 30 Juni 2026. Basari ya 5,000 kwa kila mwombaji haikumsaidia mtoto sana hata kabla ya mizozo hii. Ingieni makubaliano ya maandishi na Wizara, fedha ziwe chache lakini ziende mahali pawili: 36,000 za mazoezi ya kufundisha kwa kila anayekubali kuyafanyia visiwani, Basuba au Magarini bara, na kulipiwa makato ya HELB kwa mwalimu mzaliwa wa hapa atakayefundisha huko miaka mitano mfululizo. Kwa deni la mfano wetu hiyo ni 4,414 mara miezi 60, yaani 264,840 kwa mwalimu mmoja. Walimu wa kutoka mbali wakiondoka kwa hofu ya usalama, huyo atabaki, maana ni kwao.

Tunaomba majibu ya maandishi kutoka kwa kila ofisi iliyotajwa, kabla ya dirisha lijalo la kubadilisha kozi.

Wenu katika kazi ya elimu,

Walimu wa ushauri, wahasibu wa shule na walimu wastaafu,
Lamu na Malindi